Kumvika Shujaa Upya: Viraka vya Mashabiki kama Hati za Historia ya Michezo ya Mkononi, 1989–2024

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mashabiki waliobadilisha sura za wahusika katika michezo ya video ya mashine za mkononi za Game Boy, hususani michezo ya Pokémon. Hoja yake kuu ni kwamba kiraka, yaani faili dogo linalobeba tofauti pekee kati ya mchezo wa asili na mchezo uliobadilishwa, ni hati ya kihistoria yenye usahihi wa nadra: kinaonyesha, baiti kwa baiti, kile ambacho mpokeaji wa kazi alikikataa au alikitamani. Umbo hilo halikubuniwa kwa ajili ya wanahistoria. Lilitokana na ufinyu wa mitandao na hofu ya sheria. Makala inaeleza jinsi mwili wa mhusika ulivyohifadhiwa katika kaseti, inapitia hukumu tatu za mahakama za Marekani na Japani, na inapendekeza kwa wanaoandaa sera za hakimiliki na nyaraka katika ukanda wetu namna ya kuzihifadhi hati hizi bila kuhifadhi nakala haramu za michezo yenyewe.

Maneno muhimu: michezo ya video, viraka, mapokezi, hakimiliki, haki ya kimaadili, uhifadhi wa nyaraka

1. Utangulizi

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anafahamu kwamba kazi ya sanaa haikomi pale mtunzi anapoweka kalamu chini. Mshairi huchukua beti za mwenzake akazitia takhmisi. Mtambaji humpa sungura hila mpya kulingana na hadhira iliyoketi mbele yake. Katika mifano hiyo anayepokea kazi huwa pia mshiriki katika kuitunga, na wahakiki wetu wamelizoea jambo hilo. Hata hivyo, kazi inapotoka kiwandani ikiwa imefungwa ndani ya plastiki, na haki zake zikiwa mikononi mwa kampuni, mazoea hayo hutuponyoka. Tunaanza kumwona mpokeaji kama mnunuzi tu.

Mashine ya Game Boy ilianza kuuzwa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989. Michezo yake iliwekwa katika kaseti zenye chipu ambayo mchezaji hakuweza kuiandika upya. Kwa mtazamo wa nje, hapakuwa na kazi iliyofungwa zaidi ya hiyo. Lakini tangu miaka ya 1990, wapenzi wa michezo hiyo wamekuwa wakiifungua, wakibadilisha nywele, mavazi, jinsia na rangi ya ngozi ya wahusika, kisha wakigawiana mabadiliko hayo bila malipo. Makala hii inauliza kazi hizo zinamfaa nini mwanahistoria, na ni nini kinachoweza kupotea iwapo sera hazitazitambua.

Mfano mkuu ni michezo ya Pokémon iliyotengenezwa na kampuni ya Game Freak. Michezo ya kwanza, Pokémon Red na Pokémon Green, ilitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996. Matoleo ya Kiingereza, Red na Blue, yaliingia Amerika ya Kaskazini mwezi Septemba 1998. Mfululizo huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mhusika mkuu ni mchezaji mwenyewe, ambaye hupewa nafasi ya kujitungia jina. Pili, historia ya nani aliruhusiwa kuwa mhusika huyo inaweza kufuatiliwa kwa tarehe, toleo baada ya toleo.

2. Mwili wa mhusika ndani ya kaseti

Ili kuelewa kilichobadilishwa, ni lazima kwanza tuelewe kilichokuwepo. Skrini ya Game Boy ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na vivuli vinne pekee. Picha zote ziligawanywa katika vigae vya pikseli 8 kwa 8. Kila pikseli ilihitaji biti mbili, hivyo kigae kimoja kilichukua baiti 16. Vijipicha vinavyosogea, kama vile wahusika, vilipata vivuli vitatu tu, kwa kuwa nafasi ya nne iliachwa wazi ili mandhari ya nyuma ionekane.

Katika Pokémon Red, shujaa anayetembea ana ukubwa wa pikseli 16 kwa 16, yaani vigae vinne. Amechorwa mara sita: akisimama na akipiga hatua, akiwa ameelekea mbele, nyuma na kushoto. Upande wa kulia haukuchorwa. Mashine huigeuza picha ya kushoto. Kwa hesabu hiyo, mwili wote wa shujaa anayetembea ni vigae 24, sawa na baiti 384. Toleo zima la Kiingereza lina baiti 1,048,576. Mtu ambaye mchezaji humtazama kwa makumi ya saa ni takribani sehemu moja kati ya 2,730 za kaseti.

Udogo huo ulikuwa mwaliko. Picha za kutembea hazikubanwa kwa namna yoyote, hivyo mtu mwenye programu ya kuonyesha vigae, kama vile Tile Layer Pro, aliweza kuzipata na kuzichora upya pikseli kwa pikseli. Picha kubwa za mapambano, kinyume chake, zilibanwa ili kuokoa nafasi, na hazikuonekana hadi mtu alipoelewa kanuni ya ubanaji. Ndiyo maana katika kazi nyingine za mashabiki mhusika huwa na sura moja barabarani na nyingine anapoingia vitani. Mwanahistoria asiyejua sababu hiyo anaweza kudhani ni uzembe; kwa hakika ni alama ya mpaka wa ujuzi wa wakati huo.

Game Boy Color ya mwaka 1998 ilileta rangi, na pamoja na rangi likaja tatizo jipya. Mashine hiyo iliruhusu seti nane za rangi kwa ajili ya vijipicha, na kila seti ilikuwa na rangi tatu zinazoonekana. Katika Pokémon Gold na Silver za mwaka 1999, rangi hizo tatu kwa kawaida zilikuwa ya ngozi, ya mavazi, na nyeusi ya mistari. Seti moja ilitumiwa na wahusika wengi kwa pamoja. Shabiki aliyetaka kumpa shujaa ngozi nyeusi kwa kubadilisha rangi moja ya seti aligundua kuwa amebadilisha pia kila mpita njia aliyechorwa kwa seti hiyo. Kumbadilisha shujaa peke yake kulihitaji kumtengea seti yake, na hivyo kuingilia msimbo wenyewe, si picha tu. Swali la nani anaonekanaje lilikuwa limefungwa ndani ya mpangilio wa kumbukumbu.

3. Nani hakuwemo

Katika Pokémon Red na Blue, mchezaji ni mvulana, na hapewi chaguo jingine. Hata maneno ya mama yake mwanzoni mwa safari yanamtaja hivyo. Miongoni mwa michoro rasmi ya kipindi hicho yumo pia msichana, lakini ndani ya mchezo hakuonekana. Ilibidi kusubiri Pokémon Crystal, iliyotolewa Japani mwezi Desemba 2000, ili mchezaji aulizwe kwa mara ya kwanza kama ni mvulana au msichana. Simulizi ya mchezo wa kwanza ilipotengenezwa upya mwaka 2004 kwa majina ya FireRed na LeafGreen, msichana aliingizwa. Kuchagua rangi ya ngozi kuliwezekana katika Pokémon X na Y, Oktoba 2013, yaani zaidi ya miaka 17 tangu mchezo wa kwanza.

Kisa cha kiumbe Jynx kinaonyesha upande mwingine wa historia hiyo. Kiumbe huyu alichorwa akiwa na uso mweusi na midomo mikubwa. Mwaka 2000 mwandishi Mmarekani Carole Boston Weatherford alikosoa sura hiyo hadharani, akiihusisha na maigizo ya kale ya Marekani ambamo waigizaji wazungu walijipaka weusi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Katika matoleo ya baadaye uso wa Jynx ukawa wa zambarau. Hapa mwenye kazi mwenyewe alibadilisha sura ya mhusika baada ya kukosolewa. Mabadiliko rasmi na mabadiliko ya mashabiki ni matawi ya mti mmoja: yote mawili ni majibu ya mapokezi. Yanachotofautiana ni mamlaka ya anayebadilisha.

Kwa kipimo hiki, viraka vinavyomfanya shujaa wa Pokémon Red kuwa msichana si mchezo wa watoto tu. Vimetengenezwa zaidi ya mara moja, na watu tofauti, na kila kimoja kinalazimika kuamua mambo ambayo kampuni haikuyaamua: maneno ya mama yabadilikeje bila kuzidi nafasi iliyopo, na je, picha ya mgongo vitani ichorwe upya au iachwe. Nia kama hiyo imeonekana pia katika michezo ya mashine za nyumbani. Mwaka 2012 Mike Hoye alibadilisha matini ya The Legend of Zelda: The Wind Waker ili binti yake asome habari za shujaa wa kike, mwaka 2013 Mike Mika alibadilisha Donkey Kong ili Pauline awe mwokoaji badala ya mwokolewaji, kwa ombi la binti yake. Katika visa vyote viwili mzazi hakuandika barua ya malalamiko. Aliirekebisha kazi.

Haifai, hata hivyo, kuipamba historia hii kupita kiasi. Viraka vingine vinawavua wahusika nguo, vinawadhihaki watu wa mataifa fulani, au vinachukua michoro ya shabiki mwingine bila kumtaja. Hati ya kihistoria haihitaji kuwa njema ili istahili kuhifadhiwa. Inahitaji kuwa kweli kuhusu wakati wake.

4. Kiraka na takhmisi

Kabla ya viraka palihitajika njia ya kuuendesha mchezo nje ya mashine yake. Mwaka 1995 Marat Fayzullin alianza kutoa Virtual GameBoy, programu iliyoigiza Game Boy katika kompyuta. Tangu hapo yaliyomo katika kaseti yaliweza kunakiliwa kuwa faili, kutazamwa na kuhaririwa. Lakini kugawa faili zima lililohaririwa kulikuwa na matatizo mawili: lilikuwa zito kwa intaneti ya simu za mezani ya wakati huo, na lilikuwa na kazi yote ya kampuni ndani yake.

Jibu lilikuwa kiraka. Muundo ulioenea zaidi, IPS, ni sahili. Faili huanza kwa herufi tano za neno PATCH. Hufuata kumbukumbu za mabadiliko: baiti tatu za kueleza mahali, baiti mbili za kueleza urefu, kisha data mpya. Mwishoni huwekwa herufi tatu, EOF. Kiraka kinachochora upya vijipicha vyote sita vya shujaa, ikiwa kimeandikwa kama badiliko moja mfululizo, kina baiti 397 tu: 384 za mwili mpya, na 13 za maelekezo.

Wataalamu wa ushairi watatambua umbo hili. Mtia takhmisi huuhifadhi mshororo wa mtangulizi na kuutangulizia mishororo yake, hadi ubeti ukamilike. Tuchukulie kwamba mshairi aliogopa kuinukuu kazi ya mtangulizi wake, akaandika mishororo yake mipya peke yake, akiweka tu alama ya mahali inapoingia. Karatasi yake ingekuwa haisomeki bila diwani ya asili. Lakini kwa mtafiti, ingekuwa imechuja kwa ukamilifu kile alichokiongeza. Kiraka ni karatasi hiyo. Katika nyanja nyingine za utafiti wa mapokezi tunategemea mahojiano, hakiki na kumbukumbu za watu, vyanzo ambavyo hueleza yale watu wanayosema waliyataka. Kiraka hakisemi; kinaonyesha kilichofanywa, na kwa ukimya wake kinaonyesha kila kilichoachwa bila kuguswa.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na watafsiri. Mchezo wa Mother 3, uliotolewa Japani mwaka 2006 kwa ajili ya Game Boy Advance, haukuwahi kutolewa rasmi kwa Kiingereza. Mwaka 2008 kundi la mashabiki lilitoa tafsiri kamili kwa njia ya kiraka. Kwa wanaisimu na watafsiri, kwa hiyo, suala hili si la picha pekee.

Katika muongo wa 2010 ilizuka hatua nyingine. Mashabiki walifumua msimbo wote wa Pokémon Red na Pokémon Crystal, wakauandika upya kwa majina yanayosomeka, kiasi kwamba ukikusanywa hutoa nakala inayolingana na ya asili baiti kwa baiti. Mabadiliko yanayofanywa kwa njia hii huhifadhiwa pamoja na tarehe, jina alilojipa mbadilishaji, na mara nyingi maelezo mafupi ya sababu. Hapo chanzo cha kihistoria kinatajirika, lakini kinga ya kisheria inapungua, kwa kuwa msimbo uliofumuliwa unabeba zaidi ya tofauti.

5. Mahakama tatu, majibu matatu

Imani kwamba kiraka ni halali kwa kuwa hakinakili mchezo haikuwahi kuthibitishwa kikamilifu mahakamani. Hukumu tatu zinaonyesha ugumu wake.

Ya kwanza ni ya Marekani, mwaka 1992, kati ya Lewis Galoob Toys na Nintendo. Kifaa cha Game Genie kilibadilisha thamani fulani za mchezo wakati unachezwa, bila kuandika chochote katika kaseti. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua kuwa hakikuunda kazi mpya inayotokana na ile ya asili, kwa kuwa hakuna kilichodumu. Ya pili ilitolewa na mahakama hiyo hiyo mwaka 1998, kati ya Micro Star na FormGen, kuhusu viwango vya ziada vya mchezo wa kompyuta wa Duke Nukem 3D vilivyotungwa na wachezaji na kuuzwa kwenye diski. Mafaili hayo hayakuwa na picha za mchezo ndani yake. Yalieleza tu mahali pa kuziweka. Hata hivyo, yalionekana kukiuka hakimiliki, kwa sababu yalisimulia visa vipya vya mhusika yule yule. Hukumu hii inagusa kiini cha hoja ya kiraka: kutonakili hakutoshi.

Ya tatu ni ya Mahakama Kuu Kabisa ya Japani, tarehe 13 Februari 2001. Kadi za kumbukumbu zilizouzwa kwa ajili ya mchezo wa Tokimeki Memorial zilibadilisha sifa za mhusika mkuu na hivyo kupotosha mwenendo wa hadithi. Mahakama iliamua kwamba huko ni kuvunja haki ya mtunzi ya kutopotoshewa kazi yake, na kwamba aliyeingiza na kuuza kadi hizo anawajibika. Hapa mzani ulikuwa haki ya kimaadili.

Tofauti hii ina uzito kwetu. Sheria ya Japani inamlinda mtunzi dhidi ya mabadiliko yanayofanywa kinyume cha ridhaa yake. Mkataba wa Berne, katika ibara ya 6bis, unaweka sharti la ziada: badiliko liwe la kudhuru heshima au sifa ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inafuata mkondo huo wa Berne. Chini ya kipimo hicho, swali la kujibiwa ni iwapo kumpa shujaa ngozi nyingine kunamvunjia mtunzi heshima. Ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kujibu ndiyo, hasa baada ya mwenye kazi mwenyewe kuruhusu chaguo hilo hilo mwaka 2013.

Lakini mambo mengi huamuliwa kabla ya kufika mahakamani. Pokémon Prism, mchezo uliojengwa na mashabiki kwa miaka kadhaa juu ya Pokémon Crystal, ulipokea barua ya kisheria ya kuusitisha mwezi Desemba 2016, siku chache kabla ya tarehe ya kutolewa. Watengenezaji walitii. Hapakuwa na kesi, hapakuwa na hukumu, na kwa hiyo hapakuwa na kumbukumbu ya mahakama ambayo mwanahistoria angeisoma kesho. Barua ya wakili inaweza kuifuta kazi pamoja na ushahidi wa kufutwa kwake.

6. Tatizo la hifadhi

Kiraka kina udhaifu mmoja mkubwa: hakisomeki bila asili yake. Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni kwa njia halali. Kwa michezo ya Game Boy hali ilikuwa mbaya zaidi. Pale asili inapotoweka, kiraka hubaki kuwa takhmisi isiyo na diwani.

Viraka vyenyewe navyo vimekaa mikononi mwa watu wa kujitolea. Hazina yake kubwa, Romhacking.net, ilianzishwa mwaka 2005. Agosti 2024 ilitangaza kufunga shughuli zake za kupokea kazi mpya, na nakala ya hifadhidata yake ikawekwa Internet Archive. Karibu miongo miwili ya kumbukumbu ilitegemea afya na uvumilivu wa watu wachache. Ilinusurika kwa hisani, bila mpango wowote wa kitaasisi.

Kuna tatizo jingine la kitaalamu. Kiraka cha IPS hakitaji kinahusu toleo lipi la mchezo. Kikiwekwa juu ya toleo lisilo lake, huandika mwili wa shujaa mahali pa kitu kingine, na mchezo huharibika. Miundo ya baadaye, kama BPS, hubeba namba ya kuhakiki ya faili la asili, na hivyo hutaja nasaba yake. Viraka vya zamani havina nasaba hiyo isipokuwa katika maelezo yaliyoambatanishwa, na maelezo hayo ndiyo hupotea kwanza.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba mashabiki waliobadilisha sura za wahusika wa michezo ya mkononi waliacha nyuma yao, pasipo kukusudia, kumbukumbu sahihi ya mapokezi. Ufinyu wa mitandao na hofu ya sheria viliwafundisha kuandika tofauti pekee, na tofauti ndiyo anayoitafuta mwanahistoria. Mendeleo wa miaka 17, kutoka mvulana mmoja asiye na mbadala hadi mchezaji anayechagua ngozi yake, hauwezi kuelezwa kwa matoleo rasmi peke yake.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, maktaba na taasisi za nyaraka zinazoanza kukusanya kazi za kidijitali zipokee viraka kama hati huru, pamoja na maelezo yake, jina ambalo mtengenezaji alilichagua, tarehe, na namba ya kuhakiki ya toleo la asili. Hakuna haja ya kuhifadhi mchezo wenyewe ili kufanya hivyo. Pili, wanaopitia upya sheria za hakimiliki katika nchi zetu wabakize sharti la Berne la kudhuru heshima au sifa, wasilegeze mlango kuelekea katazo la kila badiliko, na wafikirie msamaha mahususi kwa uhifadhi na utafiti. Tatu, idara za Kiswahili ziingize matini za namna hii katika mafunzo ya tafsiri na nadharia ya mapokezi, kwa kuwa vijana wanaozisoma tayari wanaziishi.

Mambo haya hayahitaji gharama kubwa. Shujaa mzima aliyevikwa upya anaenea katika baiti 397, chini ya nafasi inayochukuliwa na aya moja ya makala hii. Ikiwa atapotea, sababu haitakuwa uhaba wa nafasi.